Tangi Lililolala Bila Kumwagika

Hapo zamani, zamani ambayo wengi wenu mliiona kwa macho yenu, palikuwa na mji mdogo uitwao Lukwambe, chini ya mlima. Barabara kuu ilishuka mlimani, ikapiga kona kali, kisha ikapita pembeni mwa soko. Mwenye gari alikunja kona, ama aliingia sokoni. Hapakuwa na njia ya tatu.

Siku moja ya soko, lori la mafuta lilishuka mlima huo. Halikuwa limejaa. Dereva alikuwa ameshusha nusu ya petroli katika mji wa juu, na nusu iliyobaki ilikuwa ikicheza ndani ya tangi kama maji kwenye ndoo ya mtu anayekimbia. Alipokunja kona, petroli yote ikakimbilia upande mmoja, ikalivuta lori, lori likalala. Petroli ikatiririka mtaroni. Watu wakaja na ndoo, wakaja na madumu, wakaja na masufuria. Halafu moto ukaja.

Waliokufa sitawataja wote. Nitamtaja Mkude tu, fundi baiskeli, kwa sababu mke wake yumo katika hadithi hii. Mke wake aliitwa Sikujua, naye alikuwa akiuza uji na maandazi pale sokoni. Alimwona mumewe anaondoka na dumu, akamwambia, "Baba Neema, acha." Mumewe akamjibu, "Narudi sasa hivi."

Habari ikafika mji mkubwa, kwenye karakana iliyotengeneza lile tangi. Mwenye karakana aliitwa Mzee Bafadhili. Aliyemchorea matangi alikuwa mhandisi kijana, mwanamke, jina lake Namnyaki. Tangi lililolala Lukwambe alilichora yeye, na alilichora kama matangi yote yalivyochorwa wakati ule. Hakuna aliyemlaumu. Hata hivyo alipanda basi akaenda Lukwambe, akaulizia watu waliokuwa karibu siku ile. Wakampeleka kwa Sikujua.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye niliyechora lile tangi."

Sikujua akaendelea kukoroga uji. "Marahaba. Umefuata nini?"

"Nimekuja kuuliza mafuta yalitokea wapi. Tangi limeungua lote, haliwezi kunionyesha."

Sikujua akaweka mwiko chini. "Halikupasuka. Lilipolala, vile vifuniko vya juu viligonga lami, vikang'oka. Yakatokea hapo. Na kule chini bomba lilikatika, likawa linamwaga kama mfereji."

"Una hakika, mama?"

"Mume wangu alikinga dumu pale kwenye kifuniko. Nitasahauje?"

Namnyaki akarudi mjini, akakaa mezani. Akachora, akafuta, akachora tena. Tangi la zamani lilisimama juu sana. Jipya akalishusha, likae chini karibu na magurudumu. Tangi la zamani lilikuwa chumba kimoja. Jipya akaligawa vyumba, na ndani ya vyumba akaweka bati zenye matundu, ili mafuta yakitaka kukimbia yapite kwa taabu. Kwenye tangi la zamani vifuniko vilikaa wazi. Kwenye jipya akaviweka kati ya kingo mbili za chuma kinene zilizovipita kwa urefu, ili tangi likilala, chuma kigonge lami na kifuniko kisiguswe. Vali za kufungia mafuta, zilizokuwa zikining'inia chini, akaziingiza ndani ya tangi, ili bomba likikatika, vali ibaki imefunga.

Mzee Bafadhili akautazama ule mchoro. "Mwanangu, chuma chote hiki ni uzito. Uzito wa chuma unakula nafasi ya mafuta. Nani atanunua lori linalobeba kidogo?"

"Mzee, anayelinunua haishi kwenye ile kona."

Mzee Bafadhili alikaa nalo jambo hilo mpaka jioni, akasema, "Tengenezeni moja. Tuone."

Kazi ya kuchomelea akapewa fundi Kobelo. Kobelo alikuwa mtu mfupi na mwembamba, ndiye peke yake aliyeweza kupita kwenye tundu la kifuniko na kufanya kazi ndani. Akachomelea bati, akachomelea kingo, akachomelea vali. Tangi likaisha, likajazwa maji ili lipimwe. Kobelo akalizunguka, akapapasa kila mshono kwa kiganja. Usawa wa bati moja ya ndani, kiganja kikalowa.

"Linatoa jasho hapa, Mzee."

Mzee Bafadhili akaja akatazama. "Tone tu hilo. Lizibe kwa nje."

"Kwa nje nitaziba macho ya mteja. Mshono umekufa kwa ndani."

"Mteja mwenyewe yuko getini, Kobelo."

"Basi apewe chai."

Maji yakamwagwa, tangi likakaushwa, Kobelo akaingia tena. Alikata mshono mbovu, akauanza upya. Pale nyuma ya bati palibana mno, kinyago cha kukinga macho hakikuenea, akakivua. Alipotoka machozi yalikuwa yakimtiririka na hawezi kuyazuia. Tangi likajazwa maji mara ya pili, likakaa kavu. Lakini tangu siku ile jicho la kushoto la Kobelo huona mwanga tu, kama mtu anayetazama nje kupitia pazia.

Tangi likafungwa kwenye lori, lori likaenda kazini. Likashuka mlima wa Lukwambe, likapanda, likashuka, miaka ikapita, na watu wa sokoni wakalizoea.

Aliyeliendesha aliitwa Dismas Mlawa. Dismas alikuwa dereva mzuri, tena mwenye kuijua njia ile. Lakini siku ninayoisimulia alikuwa amechelewa, akataka kuwahi kushusha mzigo kabla ya bohari kufungwa. Mlima ule hushukwa kwa gia ndogo, injini ikilishikilia lori. Dismas akashuka kwa gia kubwa, akilishikilia lori kwa breki. Breki zikapata moto. Zikanuka. Akakanyaga, zikagoma.

Mbele yake ilikuwa kona, na nyuma ya kona ilikuwa siku ya soko. Kwa mwendo ule kona isingekunjika. Kushoto, bonde. Moja kwa moja, soko. Kulia, ukuta wa mlima uliochongwa kupitisha barabara. Dereva huketi kulia. Dismas alijua akiegemea ukuta ule, kitakachopondeka kwanza ni upande wake. Akakata usukani kulia.

Lori likasugua mwamba, likapunguza mwendo, likasugua tena, likarushwa likalala ubavu katikati ya barabara, hatua chache kabla ya meza za wauza nyanya. Mafuta ndani yakagonga bati zake, yakatulia. Kingo za chuma zikagonga lami, zikapinda. Vifuniko havikuguswa. Bomba la chini likakatika. Vali zikabaki zimefunga. Mishono ya Kobelo ikashika. Hakuna kilichomwagika. Ila mguu wa Dismas ulibanwa chini ya usukani, na injini ilikuwa ikitoa moshi.

Watu wakaja. Wengine walikuja kumtoa dereva. Wengine walikuja na madumu. Msiwashangae; wapo waliokuwa wachanga ule moto ulipowaka, na wapo waliotaka kuusahau. Kijana mmoja wa gereji, jina lake Banzi, alikuja na nyundo na spana kubwa, akasema vile vifuniko vitafunguka tu.

Sikujua alikuwa kwenye meza yake. Kwanza alichukua maji ya kuoshea vyombo akayamwaga kwenye jiko lake. Kisha akapita kwa mama lishe wenzake akiwaambia, "Zimeni majiko. Zimeni." Wakazima. Kisha akaenda kwenye lori, akaingia kati ya zile kingo mbili za chuma, akaegemeza mgongo kwenye kifuniko.

Banzi akasimama mbele yake. "Mama Neema, toka hapo."

"Sitoki."

"Injini inatoa moshi. Utaungua."

"Na wewe utaungua. Tutaungua pamoja."

"Tunachukua kidogo tu, mama."

"Baba Neema naye alichukua kidogo."

Vifuniko vingine vilikuwapo. Banzi alivitazama, na wenye madumu walikuwa nyuma yake wakingoja. Akamtazama tena yule mama, mgongo umeganda kwenye chuma. Akageuka, akaipeleka nyundo yake mbele ya lori, kwenye mlango wa dereva, akaanza kuugonga ufunguke. Waliobaki wakakosa wa kuwatangulia. Wengine wakaweka madumu chini, wengine wakaenda nayo nyumbani matupu.

Zimamoto wakafika, wakaimwagia injini povu. Petroli ikahamishiwa lori jingine. Dismas akapelekwa hospitali, mguu ukakatwa chini ya goti. Hakuna mwingine aliyeumia. Wauza nyanya wakauza nyanya zao.

Baada ya miezi kadhaa, watu wa barabara wakaja kuweka vibao mlimani. Kona ile haikuwa na jina kwenye ramani. Wakamwambia Mwenyekiti Mloka, "Mji uchague jina. Kama mnataka kumkumbuka mtu, liwe la mtu mmoja, kibao chenyewe ni kidogo." Mloka akaitisha mkutano sokoni, akawaita wote wanne. Namnyaki akaja, Kobelo akaja, Dismas akaja kwa magongo, na Sikujua hakuwa na mbali pa kutoka.

Mwenyekiti akasema, "Kila mmoja aseme la kwake, tusikie."

Namnyaki akasimama. "Sitajifanya sitaki. Dereva yule yule angegonga ukuta ule ule na tangi la zamani, mngeungua. Mama Neema asingekuwa na kifuniko cha kuegemea, kingekuwa kimeng'oka. Fundi naye alichomelea nilichochora. Tangi lililoua watu hapa nililichora mimi, na hili lisiloua nimelichora mimi. Naomba jina langu likae kwenye hili la pili."

Mtu mmoja akauliza, "Na aliyekuambia kuhusu vifuniko?"

"Aliniambia palipouma. Dawa niliitafuta mwenyewe."

Kobelo akasimama. "Mchoro wa dada huyu ni mzuri, nami nimeuheshimu. Ila tangi lenyewe lilikuwa na mshono uliokufa, na karatasini haukuonekana. Tangi lingelala kwenye lami, mshono ule ungefunguka kama gunia. Niliambiwa nizibe kwa nje. Sikuziba. Nimelipa jicho. Sina zaidi."

Mtu mwingine akasema, "Fundi, kufanya kazi sawasawa si wajibu wako?"

Kobelo akajibu, "Ni wajibu wangu. Niambie ni wangapi uliowaona wakiutimiza kwa jicho."

Dismas hakusimama, alisemea kwenye kiti. "Tangi imara likiingia sokoni linaua vile vile, hata kama halimwagi tone. Siku ile kilichowatenganisha na lori ni usukani, na usukani ulikuwa mikononi mwangu. Ningeweza kuruka nje. Nilikata kulia, nikijua ni upande wangu."

Mzee mmoja muuza vitunguu akamwuliza, kwa upole, "Mwanangu, breki zilikufa kwa nini?"

Dismas akainamisha kichwa. "Nilishuka kwa gia kubwa. Nilikuwa na haraka. Sikatai, mzee. Kosa lilikuwa langu. Lakini wapo waliofanya kosa hilo hilo, na mwisho wake wakajiokoa wenyewe."

Sikujua akasukumwa na wenzake asimame.

"Mimi sijui mnataka niseme nini," akasema. "Lori lilikuwa limelala salama. Injinia ameshamaliza kazi yake, fundi ameshamaliza, dereva ameshamaliza. Halafu ikaja nyundo. Kwa nyundo hakuna aliyekuwa amechora kitu."

Mtu akasema, "Lakini wewe ulisimama tu, mama. Na Banzi ndiye aliyeamua kutofungua."

Banzi alikuwa pale nyuma. Akasema, "Mimi nisihesabiwe. Ningefungua. Nilizuiwa, sikujizuia."

Mwenyekiti akamgeukia Mzee Bafadhili, aliyekuja na Namnyaki, akamwuliza kama naye ana neno, maana angeweza kukataa kulitengeneza tangi lile. Mzee akasema, "Nililitengeneza nikiwa na shaka. Mshono nilitaka uzibwe kwa nje. Nitafuteni kwenye jambo jingine."

Hapo mkutano ukagawanyika. Wauza nyanya walimtaka Dismas, kwa sababu lori lilisimama mbele ya meza zao. Mafundi wa gereji walimtaka Kobelo. Walimu walimtaka Namnyaki, wakasema wasichana wanaopita kwenda shule walisome jina lile. Mama lishe walimtaka Sikujua. Na waliofiwa katika ule moto hawakuchagua upande, kila mmoja akiwatazama wale wanne kwa zamu. Jua likaelekea magharibi, na mchora vibao aliyekuja na rangi yake akauliza aanze na herufi gani.

Mimi sikukaa mpaka mwisho, na hata ningekaa msingenisikiliza. Nanyi mmewasikia wote. Aliyelichora upya, aliyelishona kwa jicho lake, aliyelilaza kwa mguu wake baada ya kulikosea njia nzima, na aliyeliegemea wakati kila kitu kilikuwa kimeisha ila tamaa. Mchora vibao ameshika brashi na rangi inakauka. Haya, mwambieni: kona ile aiite kwa jina la nani?