Matubwitubwi ya Buku

Hapo zamani za kale, watoto, wanyama walipokuwa na maghala yenye mageti, aliishi Buku, panya wa porini mwenye mifuko miwili ndani ya mashavu. Alikuwa na mke, watoto wanne, na shimo lenye stoo tupu. Na masika yalikuwa mlangoni.

Akaenda kuomba kazi kwa Mzee Ngiri, mwenye ghala la mtama.

"Unajua nini wewe?" Ngiri akauliza.

"Kubeba na kuhifadhi nafaka, bosi. Ndiyo fani yangu."

"Eksipiriensi miaka mingapi? Hapa tunataka mitano."

"Bosi, mimi mwenyewe sijafikisha hata miwili."

"Basi jitolee kwanza. Utapata uzoefu."

Uzoefu hauchemshwi ukawa uji, lakini Buku akashika ungo. Akapeta mtama toka asubuhi. Kila alipoinama, chwap, punje shavuni. Chwap, nyingine.

Alasiri Ngiri akampekua getini. Akapapasa kwapa, akakagua mpaka mkia. Kisha akamtazama usoni.

"We kijana, mbona umevimba?"

"Matubwitubwi, mzee wangu."

Ngiri akarudi nyuma hatua tatu. "Na siku nzima unanipumulia?"

"Nisamehe. Hebu jipapase mashavu, isije ikawa nimeshakuambukiza."

Ngiri akajipapasa. Kulia, nundu. Kushoto, nundu. Alizaliwa nazo, ila mkubwa yule hakuwahi kujitazama hata kwenye dimbwi. Kazi yake ilikuwa kutazama wenzake.

"Mama yangu," akanong'ona. "Dawa yake nini?"

"Zunguka ule mgunga mara saba, halafu kimbia moja kwa moja mpaka ng'ambo ya mto. Ukigeuka nyuma, unaugua upya. Na mkia uinue, usije ukauburuza ugonjwa."

"Na geti langu?"

"Nitalinda mimi, bosi. Si najitolea?"

Puku, puku, puku. Ngiri akazunguka, akatimka, mkia wima kama antena. Hakugeuka hata mara moja, siriasi kabisa.

Buku akawaita mke na watoto. Wakaingia ghalani na mashavu matupu, wakatoka yamejaa, wakarudi tena. Mvua ya kwanza ilipodondoka, stoo ya Buku ilikuwa imejaa hadi mdomoni, na Ngiri bado yuko ng'ambo anajipapasa, anasubiri nundu zishuke.

Basi, watoto, anayepekua kila mtu asijitazame mwenyewe, atadanganywa kwa uso wake huohuo.