Mama Kiboko Alivyoziba Mto

Paukwa!
Pakawa!
Maji yametoka wapi?
Mlimani!
Yanakwenda wapi?
Yaache yapite, tuyafuate!

Hapo zamani za kale, mto mmoja ulizaliwa mlimani, ndani ya ukungu. Ulikuwa mwembamba kama uzi. Ukashuka ukiruka mawe, ukashuka ukinguruma, ukafika nyikani umechoka. Huko ukajikunja huku, ukajikunja kule, kama mtu anayetembea usingizini. Mwishowe ukaingia kwenye mikoko, ukakutana na bahari.

Bahari ilipojaa, iliusukuma mto nyuma, na maji matamu yakapanda taratibu mpaka mashambani. Mpunga ukanywa. Bahari ilipokupwa, maji yakarudi. Ndivyo alivyolima Mbodze, mjane aliyekuwa na shamba karibu na mlango wa mto.

Juu kidogo ya shamba lile, kwenye kona ya mwisho ya mto, aliishi Mama Kiboko na ndama wake.

Mwaka mmoja mvua haikunyesha. Mto ukapungua, ukapungua, mpaka mgongo wa ndama ukaunguzwa na jua. Mama Kiboko akaingiwa na hofu. Akasukuma magogo, akasukuma matope, akauziba mto. Maji yakabaki kwake.

Kaa akaja. "Mama Kiboko, fungua. Kule chini mikoko inanyauka."

"Siwezi. Nina mtoto."

Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, akaja. "Mama Kiboko, fungua. Mto ndio unaoizuia bahari. Usipopita, bahari itapanda."

"Na ipande. Nina mtoto."

Mbodze akaja, ameshika mche wa mpunga uliogeuka manjano. "Mwenzangu, sasa shambani yanaingia maji ya chumvi. Hata mimi nina watoto."

Mama Kiboko akautazama ule mche. Akazama.

Likaja bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu. Bahari ikapanda bila kelele, ikapita mikoko, ikapita shamba, ikavuka ukuta wa matope kama maziwa yanavyofurika chungu.

Asubuhi ndama akanywa, akatema. Akanywa tena, akatema. Akalia, "Mama, maji yamekuwaje?"

Mama Kiboko akaonja. Chumvi! Maji tele pande zote, na mtoto ana kiu.

Akausukuma ukuta. Haukutikisika. Akausukuma tena. Wapi! Akapiga ukelele uliofika mpaka shambani.

Mbodze alikuwa amesimama katikati ya mpunga uliokufa. Angeweza kwenda zake nyumbani. Akaufuata ule ukelele.

"Umekuja kunicheka?" Mama Kiboko akauliza.

"Nimekuja na jembe. Ngoja bahari ikupwe, ndipo tufungue, chumvi itoke."

Bahari ikakupwa. Mbodze akachimba, Kaa akatoboa, Mkunga akapenya, Mama Kiboko akasukuma. Ukuta ukapasuka! Chumvi ikatoka, na nyuma yake mto ukaja, baridi, ukinukia mvua ya mbali. Ndama akanywa, akanywa, mpaka akasinzia na maji mdomoni.

Mpunga wa mwaka ule haukuokoka. Mbodze na wanawe walikula mizizi ya yungiyungi mpaka msimu mwingine, na aliyewachimbulia kila siku ni Mama Kiboko. Hakuambiwa na mtu.

Basi, wasikilizaji wangu, ngano hii inatufunza hivi: ukikizuia kinachopita kwako kwenda kwa jirani, utamuumiza jirani, kisha utawaumiza na walio wako.

Yangu nimeyamimina. Mwenye kiu na achote.