Upande Mmoja wa Kanga

Hapo zamani, zamani ya jana tu, kule Tukuyu ambako mvua haiulizi ratiba ya mtu, palikuwa na binti aitwaye Tumpe. Tumpe alikuwa na mama, na mama hakuwa na masikio. Alikuwa nayo, jamani, mawili, na hereni juu. Ila homa ya uti wa mgongo ilikuwa imeyafunga.

Kwao, siku ya kumuaga binti, mama ndiye humwingiza ukumbini akicheza. Mama Tumpe akasema, "Mwanangu, mimi nitakuombea nikiwa jikoni. Ukumbini siendi."

Kisa? Miaka mitatu nyuma, kwenye harusi ya jirani, muziki ulizimwa, yeye asijue, akaendelea kucheza peke yake. DJ akasema kwenye maiki, "Mama, ngoma imekwisha, au unacheza ya kichwani?" Ukumbi mzima ukacheka. Maneno hakuyasikia. Aliona meno, na hayo yalitosha.

Tumpe akatoka kutafuta DJ. Kila aliyemwendea alimwambia, "Nataka DJ atakayemchezesha mama yangu." Huyu akasifu taa zake. Yule akasifu mashine yake ya moshi. Habari za mama hakuna aliyeuliza, isipokuwa Lusajo, kijana mwenye vispika viwili. "Mama alikuwa anapenda wimbo gani?" Tumpe hakujua, akaona aibu. Akamkodi huyo huyo.

Lusajo akahamia jikoni kwa Mama Tumpe. Siku ya kwanza akamenya ndizi. Siku ya pili akamenya ndizi. Siku ya tatu, kisu mkononi, akamsikia mama akiimba taratibu, bila kujijua kwamba anaimba: wimbo wa wachuma chai wa ujana wake. Lusajo akaurekodi kwenye simu, akautilia ngoma.

Lakini vispika vyake vilikuwa vya kuamshia watoto. Akameza fahari yake, akaenda kwa Gwakisa, mshindani wake, mwenye spika za besi kubwa kama makabati. Siku ya kumuaga Tumpe Gwakisa akaja, akaona sakafu ya ukumbi ni ya mbao, akazilaza spika zake kifudifudi. Watu wakalalamika, "Gwakisa, leo muziki wako umeziba!" Kweli uliziba. Jina alilolijenga miaka kumi likazama mchana ule mmoja, naye spika hakuziinua.

Tumpe akamsihi mama aje angalau mpaka mlangoni. Akaja. Akavua viatu, akatua nyayo mbaoni, akashtuka: ngoma ilikuwa inampanda miguuni! Akautambua wimbo wake kwa mapigo. Akapiga hatua moja, akapiga ya pili. Kisha akaona meno ya mtu aliyekuwa anacheka mambo yake mwenyewe, akasimama.

"Itakapokwisha nitajuaje?" akauliza.

Hapo akainuka mgeni mmoja meza ya nyuma, Asajile. Naye ni DJ, ila siku ile hakukodiwa na mtu. Ndiye yule wa maiki. Ndiye, nawaambia! Akaja mpaka mlangoni, akanyoosha kiganja. Mama akamtambua. Akamtazama, akamtazama, kisha akampa mkono. Asajile akawa anampigia mapigo kiganjani, wakamwingiza Tumpe wakicheza, na ngoma ilipokaribia kukoma akamminya vidole mara tatu. Mguu wa mwisho wa mama ukatua pamoja na pigo la mwisho. Watu walilia. Nami nililia, sifichi.

Sasa, desturi ni kwamba mama humtunza aliyemchezesha. Mama alikuwa na doti moja ya kanga. Upande mmoja alikuwa amemfunga Tumpe. Ukabaki mmoja.

Lusajo akasema, "Bila mimi wimbo ungebaki jikoni. Ni mimi niliyemsikiliza."

Gwakisa akasema, "Kumsikiliza umemsikiliza. Lakini yeye ameusikia kwa miguu, na miguuni nimeufikisha mimi. Jina langu limelala chini pamoja na spika zangu."

Asajile akasema, "Mimi sidai. Nilimkosea."

"Bila mkono wake mama angerudi jikoni!" akapaza sauti shangazi.

"Na bila mdomo wake asingejificha jikoni," mjomba akamjibu.

Mama hakusikia hata neno. Alitazama midomo ikichezacheza, akacheka, akamwekea Tumpe ile kanga mikononi. "Wewe ndiye uliyetafuta DJ, mwanangu. Mvike aliyenichezesha."

Tumpe akaikunjua. Akamtazama Lusajo, akamtazama Gwakisa, akamtazama Asajile aliyeinamisha kichwa. Upande wa kanga haukatwi vipande vitatu. Mama anasubiri, macho yanamng'aa.

Haya, nyinyi mnaotafuna karanga zangu bure, mikono ya binti wa watu inachoka. Je, nani alistahili kuvikwa kanga ile?