Makofi ya Mkutanoni

Paukwa! Pakawa zimwi, likawa mwenyekiti wa kijiji. Shoka halikuwa nalo, ila lilikuwa na uchawi: makofi yakipigwa mkutanoni, msituni miti inaanguka.

"Development, wananchi!" Makofi, pa pa pa! Nusu ya msitu chini.

"Asanteni kwa kuniamini!" Pa pa pa! Ukabaki mti mmoja, ule unaofunika chemchemi yao. Na hakuna fala hata mmoja aliyeuliza, "Excuse me, ndugu mwenyekiti, miti inakwenda wapi?"

Bi Somoe, aliyetoka kuchota maji na kuyaona hayo, akapanda jukwaani. "Jamani, makofi yenu ndiyo yanayoangusha miti! Ulizeni, pingeni, mng'oeni, lakini msipige makofi!"

"Sema mama! Hiyo ndiyo demokrasia!"

Wakampigia makofi.

Chemchemi ikakauka, na hadithi yangu ikafa kiu papo hapo.