Kwa Nini Konokono wa Majini Ana Mlango

Kaeni vizuri, na anayetaka kubisha asubiri nimalize.

Zamani, chini ya milima ya Upare, palikuwa na kijiji kando ya ziwa dogo lenye matete mengi, na wakati huo konokono wa majini hakuwa na mlango. Gamba lake lilikuwa wazi. Ukitaka kumwona ulichungulia tu, ukamkuta mzima mzima, pembe zake, tumbo lake, na mdomo laini usioonyesha jino hata moja. Tena alikuwa akisema, polepole, kama mtu anayechagua maneno.

Watu wa hapo walimpenda mno. Kila nyumba ilikuwa na chungu kipana cha udongo, kimefukiwa nusu karibu na mlango, kimejaa maji ya ziwa. Humo ndani alifugwa konokono mmoja mkubwa kama ngumi ya mwanamume, kazi yake kulamba utando wa kijani ili maji yabaki safi. Walimwita mfagiaji. Alipewa uji kabla ya watoto, jambo ambalo mimi hata leo sikubaliani nalo.

Chungu hicho kilikuwa na kazi nyingine, nzito zaidi. Bibi harusi alipoletwa, alibeba kutoka kwao mche wa yungiyungi ndani ya kibuyu, akaupanda katika chungu cha mama mkwe wake. Kisha walingoja mwezi uandame mara tatu. Yungiyungi likichanua, basi maji ya nyumba yamemkubali. Lisipochanua, alirudishwa kwao pamoja na kibuyu chake, na hakuna aliyemuuliza neno.

Nakijwa aliletwa kwa Semvua wakati wa mavuno ya mtama. Alimpenda mume yule, na hakutaka kabisa kurudi kwao. Mche wake ulishika vizuri, na mwezi wa kwanza ukatoa majani matatu. Mwezi wa pili, asubuhi moja, alikuta jani limebaki kijiti. Kesho yake chipukizi halikuwepo. Maji yalikuwa yametulia, na kando ya chungu palikuwa na nyayo za Nanzia, mama mkwe wake.

Kwanza alijikemea. Mtu kusimama kando ya chungu chake mwenyewe kuna ajabu gani? Lakini moyo ulikuwa umeshaanza kazi yake. Akawa anaitazama mikono ya Nanzia, akaona kucha zina rangi ya kijani. Kila mwanamke aliyechuma mboga siku ile alikuwa na kucha za kijani, Nakijwa mwenyewe akiwemo, ila hilo halikumjia akilini. Na siku chache baadaye, kule ziwani, jirani mmoja mwenye mdomo mwepesi akamwambia kwamba kabla yake Semvua aliletewa mke mwingine, Nankondo, na yungiyungi la Nankondo nalo liliisha vivyo hivyo, jani kwa jani.

Semvua hakuwahi kumwambia habari hiyo. Nakijwa alirudi na mtungi kichwani. Kumbe ndio mchezo wa nyumba hii, aliwaza. Akamwinamia konokono.

"Mfagiaji, wewe unashinda humu. Ni nani anaukata mche wangu?"

Konokono alinyoosha pembe moja. "Mimi ni wa kulamba tu, mwali. Ila mama mkwe wako huamka mapema sana."

Hapo hakusema uongo. Nanzia aliamka mapema kweli, tangu ujana wake.

Tangu hapo nyumba ile haikukalika. Nakijwa hakutia tonge kinywani mpaka amwone Nanzia amekula kwanza. Nanzia naye akaanza kuficha chumvi, na mkamwana akipita alinyamaza ghafla. Semvua, kama wanaume wengi panapokuwa na ugomvi wa jikoni, akagundua kuwa ana kazi nyingi sana shambani.

Zikabaki siku nane mwezi wa tatu uandame, na kwenye mche limebaki tumba moja tu. Siku hiyo Nakijwa alitoka nje akakuta kibuyu chake kimeoshwa na kuanikwa juani. Hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa anaandaliwa safari.

Akasema leo nitamshika. Akachukua mtungi mbele ya kila mtu kama anayekwenda ziwani, akazunguka nyuma ya nyumba, akajibanza kwenye mafungu ya mtama. Jua lilipofika utosini, Nanzia akaja, akatazama huku na huku, akainama juu ya chungu.

"Nimekushika, mama!" Nakijwa aliruka.

Nanzia almanusura aangukie majini. Mkononi alikuwa na bakuli la uji. "Umenishika na nini? Namlisha mfagiaji. Mimi ndiye ninayekuvizia wewe, siku ya ngapi leo!"

"Univizie mimi, na mche ni wangu?"

"Mfagiaji ameniambia, kila ukiugusa maji yanatetemeka. Una mkono mbaya, mwali."

"Na mimi ameniambia unaamka mapema sana."

 Kisha wote wawili, bila kuambizana, wakageuka wakatazama ndani ya chungu. Lile tumba la mwisho halikuwepo.

Nakijwa alichovya kidole kwenye uji, akakiweka mbele ya mdomo wa konokono, ule mdomo ambao kijiji kizima kiliapa kuwa hauna meno. Konokono alijizuia kidogo, lakini ulafi ukamshinda. Ulimi ulipopita, ngozi ya kidole ikakwaruzika kama imesuguliwa kwa jani la msasa.

"Mama, lete kidole chako."

Nanzia alikiweka, akakitoa upesi. Wakampindua konokono. Pembeni mwa mdomo wake kilining'inia kipande cha tumba, bado kibichi.

Nakijwa alingoja mama mkwe wake apige kelele. Nanzia hakupiga kelele. Aliketi chini mavumbini, mtu mzima yule, bakuli likamwagika.

"Nankondo," alisema. "Nilimrudisha mtoto wa watu. Alilia kutoka hapa mpaka kwenye matete, nami nikaingia ndani nisimsikie."

Konokono aliposikia jina lile, hakungoja la pili. Alinyakua kigae kilichozama ndani ya chungu, akakibandika nyuma ya mguu wake, akajivuta ndani ya gamba na kigae kikaziba uwazi wote. Nakijwa akagonga. "Toka useme!" Akagonga tena. Kimya.

Nanzia aliinuka, akakichukua kibuyu kilichoanikwa na kukivunja kwa kisigino kizingitini. "Huendi popote, mwanangu," alisema. Kesho yake alikwenda kwa miguu hadi kwao Nankondo. Alirudi jioni, akasema Nankondo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia ndani bila kumjibu. Hakulisema tena jambo hilo.

Nakijwa alikaa, akazaa, akazeekea pale. Lakini kwa miaka mingi, Nanzia aliporudi kutoka bustanini, macho ya Nakijwa yalikimbilia kwanza kwenye kucha za mama mkwe, kisha akaona haya.

Na tangu siku hiyo bibi harusi wa kijiji kile huja bila mche, na konokono wa majini hatembei bila mlango wake. Hata ninyi mnaomfuga sebuleni, kwenye tangi la kioo lenye taa na samaki wa rangi, na mnaoamka kila siku mkikuta majani yamepungua mkaanza kuwashuku samaki, hebu gongeni kioo mwone. Atajivuta ndani na kufunga. Mtasema amelala. Hajalala. Anangoja tuchoke kuuliza.