Boti ya Mzee Otmari

Heri boti ivuje nchi kavu. Ndivyo alivyosema shangazi yenu jana kwenye kikao cha posa, yule kijana aliposimama mbele ya wazee na kusema wazi kwamba ana mtoto kwingine, kabla hajaulizwa. Nikawaona mnatazamana. Leo mmenijia na swali: boti gani hiyo, na kwa nini ivuje? Haya, sogezeni mikeka. Endeleeni kuchambua dagaa, mimi nayahitaji masikio tu. Methali hii haikuja na upepo. Ilizaliwa hapa hapa Chiwindwe, katika ua wa nyumba moja, na ilizaliwa hivi.

Palikuwa na mtu akiitwa Mzee Otmari. Ujana wake wote alikuwa nahodha wa boti ya hospitali ya misheni, boti ya alumini iliyobeba wagonjwa na wajawazito wa kando ya Ziwa Nyasa zamani za kukosa barabara. Barabara ilipokuja, boti ikakosa kazi, mapadri wakampa Otmari iwe yake. Wenzake walikuwa na mitumbwi ya kuchonga. Yeye akawa na chombo kinachong'aa kama sufuria mpya. Lakini hakukifanyia biashara. Kila Jumamosi alimpakia mkewe, Anselma, na watoto wao watatu, Kaspari, Sifrosa na Donati, wakaenda kuvua magege ng'ambo ya ghuba. Walichoma samaki huko huko juu ya mawe, wakarudi jioni wakiimba.

Siku hizo zilikatika Jumamosi moja baada ya Pasaka. Otmari alitoka na wanawe wa kiume tu, kwa kuwa Anselma na Sifrosa walikuwa msibani kijiji cha jirani. Walipofika katikati, maji yakaanza kupanda chini ya mbao za sakafu. Waliyakumba kwa ndoo, lakini upepo wa mwera ukavuma, mawimbi yakaingia nayo, boti ikapinduka. Haikuzama. Ilielea tumbo juu, wakaishika. Kaspari, kifungua mimba, aliyekuwa hodari wa kuogelea kuliko wote, akasema anakwenda kuita watu. Wavuvi waliomwokoa Otmari na Donati hawakumwona njiani. Alipatikana kesho yake.

Wakamzika. Boti ikavutwa mpaka nyuma ya jiko, ikafunikwa chini juu, na kuku wakaanza kutagia humo. Katika nyumba ile hakuna aliyeitaja tena. Donati, ambaye hata ndevu hazijamwota, alikwenda Mbeya kujifunza ufundi wa bodi za mabasi, akakaa huko. Alituma nguo, alituma sukari, lakini mwenyewe alikuja kwa nadra, na akija alilala usiku mmoja. Watu waliendelea kumwita mama yake Mama Kaspari, na kila jina hilo lilipotajwa, Mzee Otmari aliinamisha kichwa.

Sifrosa ndiye aliyebaki karibu. Aliolewa hapa hapa kijijini, akazaa, na watoto wake waliijua boti ile kama banda la kuku la babu. Yeye alikuwa akiwatazama wazazi wake wakila kimya, kila mmoja na kona yake, akajiambia kwamba huzuni ndivyo ilivyo, haina dawa.

Kisha Mzee Otmari akaanza kupoteza macho. Asubuhi moja alimshika Sifrosa mkono akasema, "Mwanangu, nataka kuwapeleka wajukuu kuvua. Ile boti na itengenezwe, kabla sijafungwa macho kabisa."

Sifrosa alidhani hakusikia vizuri. "Boti ile, baba?"

"Ile."

Alimpigia Donati simu. Donati akasema, "Nitakuja, dada," basi.

Alikuja na sanduku la chuma lenye nyundo, keekee na ribiti za alumini, misumari ya kuunga bati kwa bati. Waliwafukuza kuku, wakaigeuza boti, wakaifagia. Ilikuwa imechakaa, lakini alumini haiozi kama mbao wala hailiwi na kutu kama chuma. Donati akaanza kukwangua rangi. Chini ya rangi ya bluu ilikuwapo ya kijani, na chini ya kijani ile ya kijivu ya hospitali. Kazi ilikwenda vizuri, na kwa siku chache Sifrosa alifurahi kusikia nyundo ikilia katika ua ule uliokuwa umenyamaza mno.

Hata hivyo aliona mambo mawili asiyoyaelewa. La kwanza, Donati kila mara aliishia mbele ya boti, mahali palipobonyea kama bakuli lililoanguka. Alipagusa kwa kidole, akaondoka, akarudi tena kupagusa. La pili, baba yao, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda karibu nao, hakutaka kazi iwe ndefu. "Bodi bado nzima hiyo," alisema. "Ipakeni rangi tu. Mnachokonoa nini?"

"Baba, watakaa watoto humu," Donati akajibu. "Lazima tujue inavuja wapi."

"Haivuji."

Sifrosa alimtazama baba yake. Boti iliyowapindua ziwani, haivuji? Lakini mzee alikuwa ameugeuzia uso ukuta.

Donati akasema, "Kule gereji, tangi likivuja hatulitafutii tundu kwa macho. Tunalijaza maji, tundu lenyewe linajitokeza." Akaiinua boti kwa msaada wa majirani, wakaiweka juu ya magogo, tumbo likawa wazi kwa chini. Sifrosa, wanawe na akina mama wa jirani wakaanza kuteka maji ziwani. Ndoo baada ya ndoo, boti ikajazwa pale pale uani. Wapita njia wakasimama na kucheka: maisha yenu mmeona wapi watu wanaizamisha boti nchi kavu?

Donati hakucheka. Alilala chali mchangani chini ya mbele ya boti, macho kwenye lile bonyeo. Sifrosa akainama ili amwone. Ndugu yake alikuwa akilipapasa bonyeo, akikitazama kiganja, akilipapasa tena.

Bonyeo lilikuwa kavu. Maji yakaongezwa mpaka yakafika mdomo wa boti, na bonyeo likabaki kavu.

Kisha mtoto mmoja akaita, "Mama, huku!" Katikati, chini ya benchi la kati, kando ya mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, tone lilikuwa limening'inia. Likaanguka. Likaja jingine. Donati alipokwangua mahali hapo, rangi ya bluu ilibanduka na donge jeusi la lami likatoka nayo, na maji yakashuka kama uzi. Ribiti za mstari mzima zilikuwa zimelegea, na juu yake mtu alikuwa amesiliba lami, akapaka rangi.

Donati alitoka chini ya boti, akakaa mchangani, akashika kichwa kwa mikono miwili. Akalia kilio ambacho Sifrosa hakuwahi kukisikia, hata siku ya mazishi.

"Donati, kuna nini?"

"Si mimi," akasema. "Dada, si mimi niliyemuua."

"Nani alisema ni wewe?"

"Ijumaa ile niliichukua boti peke yangu, nikaigonga kwenye mwamba. Hili bonyeo ni langu. Niliogopa kupigwa, sikusema. Kesho yake tukaingia wote watatu, maji yakaja. Tangu siku ile najua ni mimi. Nikimtazama mama usoni, najua ni mimi." Akaweka kiganja juu ya bonyeo. "Na kumbe hapa hapajawahi kupitisha hata tone."

Maji yaliendelea kudondoka. Mzee Otmari aliinuka kwenye kigoda chake, akapapasa hewa mpaka akaipata boti, akasimama akiishikilia.

"Lami ni yangu," akasema.

Akaupiga ubavu wa boti kwa kiganja.

"Ribiti zilikuwa zinalegea tangu Kwaresima. Niliziona. Nikasema nikiipeleka kwa fundi, Pasaka itapita hatujaenda kuvua. Nikaziba kwa lami, nikapaka rangi ya bluu, ikapendeza, kila mtu akaisifu. Mimi nilijua, na nikawapakia wanangu."

"Ulijua," Donati akasema polepole. "Miaka yote hii, baba. Ukaniacha nibebe."

"Sikujua kama umebeba! Ulipoondoka nilidhani umekwishagundua. Nilisema, mwanangu ameiona lami, hawezi tena kukaa nyumba moja nami. Kila ulipokuja ukalala usiku mmoja, nikasema, bado hajanisamehe. Niliogopa kukuuliza."

Hapo ndipo Sifrosa alipouelewa ukimya wa nyumba yao. Haukuwa ukimya wa huzuni peke yake. Watu wawili walikuwa wamekaa na kosa moja, kila mmoja amelifungia chumbani mwake, na kila mmoja akidhani mwenzake ndiye hakimu.

Mama yao alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, hakuna aliyejua tangu saa ngapi. Alikuja taratibu mpaka mbele ya mumewe. Sifrosa alimwogopa, kwa sababu uso wa mama haukuwa na chozi.

"Otmari," akasema, na kwa kawaida hakumwita kwa jina. "Ungeniambia siku ile ile, ningekuchukia. Kisha ningelia pamoja nawe. Sasa nimelia peke yangu mpaka machozi yameniishia, na wewe umekaa pembeni yangu."

Mzee akainama juu ya ukingo wa boti.

Jirani mmoja, kwa kutojua afanye nini, alichukua ndoo aanze kuyakumba maji yaliyobaki. Mama Kaspari akamzuia kwa mkono.

"Acha. Acheni ivuje yote, tuone yote. Mwanangu ilimvujia katikati ya ziwa, akatafuta mtu wa kumwita asipate. Hapa tupo. Heri boti ivuje nchi kavu."

Wakakaa pale, wengine mchangani, wengine kwenye magogo, mpaka maji yakaisha.

Msidhani mambo yalitengemaa jioni ile. Donati alihamia nyumbani kwa Sifrosa, na kwa siku kadhaa hakutaka kula chungu kimoja na baba yake. Mama yao alikwenda kaburini peke yake, akarudi, akapika. Lakini Donati hakurudi Mbeya. Kila asubuhi alikwenda uani, akang'oa ribiti za zamani moja moja, akaweka kipande kipya cha alumini kando ya mkuku, akagonga ribiti mpya. Mzee Otmari, aliyekuwa akisikiliza tu, siku moja alisogeza kigoda. Akaunyoosha mkono na kushikilia kwa ndani kipande cha chuma cha kuegemeza ribiti, ambacho bila hicho ribiti haikazwi. Donati akaigonga ribiti kwa upande wa nje. Kazi ile haifanyiki na mtu mmoja, na waliifanya mpaka ikaisha.

Wakaijaza maji tena. Safari hii haikutoa tone. Donati hakuipaka rangi; akaiacha alumini tupu na mikwaruzo yake yote.

Jumamosi wakaishusha majini. Wajukuu wakaingia, Mama Kaspari akaingia na kikapu cha muhogo, Sifrosa akaingia na nyavu. Mzee Otmari alibaki ufukweni, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu, hathubutu. Donati akarudi kumfuata, akampa bega.

"Panda, baba. Kaa benchi la kati. Mimi nitakuwa nyuma, sitaona chini. Ukihisi unyevu kidogo tu, sema."

"Nitasema," mzee akajibu. "Mwanangu, nitasema."

Walivua magege machache tu siku hiyo, wakayachoma juu ya mawe ng'ambo ya ghuba, na hapo mama yao akalitaja jina la Kaspari. Wote wakamzungumza mpaka jua likashuka.

Majirani waliokuwapo uani ndio waliolichukua neno la mama yule. Wakalisema kwenye mabaraza, wakalisema kwenye ndoa, mpaka likasahau lilikotoka. Yule kijana wa jana hakusema jambo zuri, na baba wa binti ameomba muda wa kufikiri, ana haki. Lakini shangazi yenu alimtazama binti ambaye bado hajapanda boti, akawaambia wazee: heri boti ivuje nchi kavu.