Kitufe cha Njano cha Mwalimu Kandida

Habari hii nimeitoa kwenye kundi la kwaya, na aliyeituma huko naye aliipata kwingine. Isome yote kabla hujaipitisha kwa mwenzako. Najua tabia zenu, mnapitisha kwanza halafu mnauliza ilihusu nini.

Katika mji mmoja wa kusini, huko kwenye kahawa na baridi, alikuwepo mwalimu mstaafu aitwaye Kandida. Maisha yake yote alifundisha darasa la kwanza. Nusu ya watu wazima wa mji ule walizijua herufi kutoka kwenye kidole chake, na wengine, tuseme ukweli, kutoka kwenye fimbo yake.

Mwalimu Kandida alikuwa na presha ya macho. Mama yake mzazi alikuwa nayo pia, na alikufa akiwa haoni hata mwanga wa mlangoni. Kwa hiyo daktari alipompa Mwalimu dawa ya matone, hakumficha kitu.

"Ugonjwa huu huiba kutoka pembeni," alimwambia. "Siku ukiona vitu vya pembeni vinaanza kupotea, usikae nyumbani. Njoo."

Neno hilo lilimkaa Mwalimu moyoni.

Vitabu vya karatasi vilikuwa vimeshamshinda kwa udogo wa herufi. Mwanawe anayefanya kazi Dodoma akamletea kishikwambi, akamwekea programu ya vitabu vya Kiswahili na kumwonyesha jinsi ya kukuza maandishi. Mwalimu aliposoma ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa kama za ubaoni, alilia. Hata mimi ningelia.

Kununua kitabu kulikuwa kazi ndogo. Ukimaliza kimoja, chini kabisa, kwenye pembe ya kulia, kilikuwepo kitufe cha njano kilichoandikwa NUNUA. Unakibonyeza, unalipa kwa simu, kitabu kinaingia.

Basi Mwalimu akaanza riwaya moja ya sehemu tatu, ya Agata na Roza, ndugu wawili wanaogombea shamba la kahawa la marehemu baba yao. Kila jioni alimsimulia wifi yake, Bi Sekunda, dada wa marehemu mumewe, aliyeishi nyumba ya jirani. Sekunda kusoma alikuwa mvivu, lakini kusimuliwa alikuwa hodari. Sehemu ya pili iliishia mahakamani, Agata amesimama kizimbani na hakimu anafungua mdomo.

Asubuhi iliyofuata Mwalimu alikwenda kwenye pembe ya kulia anunue sehemu ya tatu. Kitufe hakikuwepo.

Alifuta miwani. Akasogea dirishani. Akageuza kichwa hivi, akakigeuza vile. Pembe ilikuwa nyeupe tupu. Maneno ya katikati aliyaona vizuri kabisa, na hilo ndilo lililomtisha, maana daktari alikwishasema kwamba wizi huanzia pembeni.

"Umefika," alisema, akiwa peke yake jikoni.

Utaniuliza, mwalimu mzima alishindwaje kujipima kwa vitu vingine vya pembeni? Ndugu yangu, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na nyoka huyu Mwalimu alimwona akimuuma mama yake. Kuanzia asubuhi ile, akigonga kiti, ni macho. Akimwaga chai, ni macho. Hospitali hakwenda. Aliona akikaa nyumbani atabaki na tumaini kidogo, ila akienda ataambiwa neno lisilofutika.

Alikwenda kwa Mzee Kapinga, mwenyekiti wa jumuiya yao ya sala, akamwomba atafute msomaji mwingine wa masomo ya Jumamosi.

"Nimechoka," alisema tu.

"Pumzika, Mwalimu wetu," Mzee Kapinga alijibu. "Umefanya kazi kubwa."

Wengine walimwona akipita nyumbani kwake huku akipapasa ukuta, akijizoeza kwa siku za giza. Wakanyamaza kwa heshima. Heshima nayo ina ubaya wake, humwacha mtu azame huku wenzake wanampa shikamoo.

Lakini wifi ni mtani, na mtani hana adabu. Jioni moja Sekunda aliingia bila hata kubisha hodi.

"Wewe mwanamke, wiki nzima unaninyima Agata. Kafungwa au hajafungwa?"

"Sijui. Nimeacha kusoma."

"Umeacha? Kwani kusoma ni pombe?"

"Hicho hapo kishikwambi, wifi. Chukua, kiwe chako."

Sekunda alimkazia macho. "Kaka yangu alikuoa ukiwa mchoyo, na akafa akikuacha mchoyo. Leo ukarimu umeuokota wapi?"

Siku nyingine Mwalimu angemrudishia kwa maneno makali zaidi, wakacheka mpaka majirani wakasikia. Siku hiyo alitazama sakafu. Sekunda akaona hapa pana jambo, akavuta kigoda na kukaa.

"Haya, kama ni changu nitakisomea hapa hapa mbele yako, tena kwa kelele. Hiyo sehemu ya tatu naipataje?"

"Bonyeza chini, pembe ya kulia. Pana kitufe cha njano."

Sekunda alitazama. "Hapana kitu."

"Kipo. Cha njano."

"Wifi, hapa hapana njano wala kijani."

"Tazama vizuri, Sekunda! Kipofu wewe?"

"Mimi? Mimi namwona kunguru akiiba dagaa nyumba ya nne. Nakwambia hapa hapana kitu. Peupe, kama sahani iliyooshwa."

Mwalimu aliinuka taratibu, akashika ukingo wa meza.

"Huoni kabisa?"

"Sioni."

"Sekunda, usinitanie leo. Kweli huoni?"

"Sioni, jamani! Unataka nile kiapo?"

Mwalimu Kandida alijifunika uso kwa kitenge, akapaza sauti. "Asante Mungu! Asante Mungu, Sekunda haoni!"

Sekunda alishika kiuno. "Huyu anamshukuru Mungu kwa upofu wangu! Kaka yangu, amka huko uliko uone ulichotuachia!"

Ndipo Mwalimu akamweleza yote. Habari ya daktari, ya pembeni, ya mama yake, na ya kuta alizokuwa akizipapasa. Sekunda alikisukuma kando kile kigoda. Akamkumbatia, wakalia pamoja. Kisha akafuta machozi, akasema, "Haya, ulidhani macho yamekwenda. Na mdomo je, nao ulipofuka?"

Namba ya wauza vitabu waliikuta kwenye kurasa za mwanzo za riwaya ile. Wakapiga, wakaweka simu kwenye spika. Akapokea dada mmoja aitwaye Zulfa.

"Kitufe chenu cha njano kimekwenda wapi?" Mwalimu aliuliza, kwa sauti ya darasani.

"Shikamoo, mama. Tumekiondoa wenyewe."

"Marahaba. Kwa nini?"

"Programu yetu mliipakua kutoka duka la programu la hicho kishikwambi. Lile duka lina mwenyewe, na mwenyewe ana sheria. Kila kitabu kinachouzwa ndani ya programu, anakata fungu lake, na fungu lenyewe ni kubwa kuliko tunachobaki nacho sisi. Tungepandisha bei, mngeumia nyinyi. Tungeacha vile vile, angeumia mwandishi. Tukaamua vitabu tuviuze kwenye tovuti yetu. Ukinunua kule, kitabu kinakuja chenyewe kwenye programu uliyonayo."

"Sasa mbona hamkuandika hata mstari mmoja kutuambia hivyo?"

"Sheria inakataza hata huo mstari, mama. Ndani ya programu haturuhusiwi kumwelekeza msomaji akanunue nje."

Sekunda akadakia, "Yaani kawafunga mikono, akawaziba na mdomo!"

"Ndiyo hali, mama. Ila anayetupigia na kutuuliza tunamjibu. Tatizo ni kwamba watu hawaulizi, wananyamaza tu na kwenda zao. Mwandishi wa hiyo riwaya ameona mauzo yameanguka, anasema wasomaji wamemchoka. Sasa hataki kuandika nyingine."

Mwalimu akasogeza mdomo karibu na simu. "Mwambie kuna bibi mmoja alikuwa tayari kuwa kipofu kwa ajili ya sehemu ya tatu. Mwambie aandike."

Zulfa alicheka, kisha akawaelekeza hatua kwa hatua. Kabla chai haijaiva, kitabu kilikuwa kimeshaingia. Kama Agata alifungwa au hakufungwa, siwaambii. Kinunueni.

Kesho yake Sekunda alimshika Mwalimu mkono, akampeleka kwa daktari wa macho. Daktari akapima, akarudia kupima.

"Macho yako yapo pale pale nilipoyaacha," alisema. "Endelea na matone. Lakini nina ugomvi na wewe. Kama kweli lingekuwa lile ulilodhani, kila siku uliyojificha nyumbani ungeilipia. Nilikwambia ukiona dalili ufanye nini?"

"Nije," Mwalimu alijibu, mpole kama mtoto wa darasa lake.

Jumamosi jumuiya ilikusanyika, na Mwalimu Kandida akalisoma somo mwenyewe, kishikwambi mkononi, sauti ikifika mpaka barabarani. Ulipofika wakati wa matangazo aliomba kusimama. Akawasimulia watu yote bila kujihurumia, na pale alipopunguza, Sekunda akaongeza chumvi. Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu.

"Kwa hiyo mnaotumia programu hii," Mwalimu alimalizia, "msihangaike na miwani. Kitufe hakipo. Nendeni kwenye tovuti yao, na mkikwama njooni kwangu."

Mzee Kapinga peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa mbele kwenye kiti cha mwenyekiti, kofia magotini.

"Mwalimu," aliuliza, "hicho kitufe kimeondolewa kwa watu wote?"

"Wote, mzee."

"Hata kwangu?"

"Hata kwako."

Mzee aliiweka kofia sakafuni. Kisha akasema, "Mimi kishikwambi changu alininunulia Ditriki wangu, yule wa Mwanza. Kila nikibonyeza njano, analipa yeye. Juzi juzi nikaona njano haipo. Nikajua amekifunga. Nikasema mtoto amenichoka, ameona baba anakula hela zake kwa hadithi." Akagusa mfuko wenye simu. "Amepiga simu mara nyingi. Sijapokea hata moja."

Sekunda, mtani wa mji mzima, hakutania. Alikwenda akachuchumaa mbele ya kiti cha mzee.

"Mpigie, baba. Sasa hivi. Matangazo yatasubiri."

Mzee Kapinga alitoa simu mfukoni, akapiga. Haikuita sana. Kwa jinsi chumba kilivyokuwa kimya, kila mtu alisikia sauti ya upande wa pili.

"Baba? Baba, ni wewe? Nimekukosea nini, baba?"

Mzee aliishika simu kwa mikono miwili.

"Hujanikosea, mwanangu," alisema. "Nilikosa kukuuliza."

Funzo: Kitu kikitoweka mbele yako, usikimbilie kuyahukumu macho yako wala moyo wa mwenzako, kwani huenda kimeondolewa na mtu usiyemjua kwa sheria usiyoijua, uliza kwanza, maana mlango ambao sheria imeuficha, swali moja linaweza kukuonyesha.